KIKOMBE CHA JUMAPILI HUTAFUTWA SIKU ZA KAZI

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa chama kimoja cha wapanda farasi wa ridhaa, pamoja na wazazi na watunzaji wa farasi, kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa mashindano.



Najua kwamba wengi wenu mmetoka moja kwa moja kazini, na kwamba kesho alfajiri, kabla ya umande kukauka, mtakuwa zizini mkifunga matandiko. Kwa hiyo sitawachosha. Nimekuja na jambo moja kubwa, na mengine yote nitakayoyasema ni matawi yake. Mpandaji wa ridhaa ana siku mbili katika juma, lakini farasi wake ana siku saba. Asiyelitambua jambo hilo atapata hasara uwanjani, na mara nyingi atakayeilipa hasara hiyo kwa mwili wake ni farasi.

Kwanza, hatuna budi kujua tulikotoka. Neno hili "ridhaa" lina historia ambayo si yote ya kujivunia. Mwaka 1912, mashindano ya farasi yenye mitihani mitatu yalipoanza katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, yaliwekwa kwa ajili ya maofisa wa jeshi peke yao. Ofisa alihesabiwa kuwa muungwana anayecheza kwa ridhaa. Sajini, hata kama alipanda vizuri kuliko ofisa wake, alihesabiwa kuwa mtu wa mshahara. Mwaka 1948 mjini London, timu ya Uswidi ilishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya utii na mwendo wa farasi. Mmoja wa wapandaji wake watatu, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa muda ili aweze kushiriki, na baada ya Michezo akarudishwa katika cheo chake cha zamani. Jambo hilo lilipojulikana, Uswidi ilinyang'anywa medali mwaka 1949. Hakuna aliyesema kwamba Persson alipanda vibaya. Kosa lake lilikuwa nyota za mabegani.

Kanuni hiyo haikudumu. Mwaka 1952 mjini Helsinki raia wa kawaida waliruhusiwa, na wapandaji wale wale watatu wa Uswidi wakaichukua tena dhahabu. Katika mashindano hayo hayo, mwanamke wa Denmark aitwaye Lis Hartel, ambaye ugonjwa wa polio ulikuwa umempooza miguu chini ya magoti, alipata medali ya fedha akishindana na wanaume. Ilimbidi kusaidiwa kupanda na kushuka, lakini akishakaa juu ya tandiko hakuhitaji huruma ya mtu. Mwaka 1964 mjini Tokyo, Lana du Pont wa Marekani akawa mwanamke wa kwanza kushiriki katika mitihani mitatu ya Olimpiki, na timu yake ikarudi na medali ya fedha.

Nawakumbusha haya kwa sababu karani, mwalimu, muuguzi na mwanafunzi waliomo humu ukumbini wanapanda leo kupitia mlango uliofunguliwa kwa taabu. Si haki kuupita mlango huo kwa uzembe.

Pili, natazama hali yetu hapa Afrika Mashariki. Farasi hawakuenea katika nchi zetu kama ng'ombe na punda, na sababu zake zinajulikana. Mbung'o waliwazuia katika mapori, na mahali pengine waliuawa na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao huenezwa na visubi. Wadudu hao hutafuta damu kuanzia magharibi hadi alfajiri. Basi chanjo isiahirishwe kwa ajili ya kubana matumizi, na farasi waingizwe ndani kabla ya jua kuchwa.

Tena, baadhi ya farasi tunaowapanda walianza maisha yao katika viwanja vya mbio, kama kile cha Ngong mjini Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1954. Farasi wa namna hiyo amefundishwa kupiga shoti. Ukimvuta hatamu, yeye huiegemea lijamu na kuongeza mwendo, maana ndivyo alivyozoezwa. Ukimwita mkaidi, unamsingizia. Anahitaji miezi mingi ya mwendo wa hatua na wa matiti, katika duara pana, akifundishwa upya maana ya mkono wa mpandaji.

Sasa nakuja kwenye kiini cha hotuba yangu. Zamani, wakati farasi walipovuta majembe na magari huko Ulaya, wenyewe waliufahamu ugonjwa waliouita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Jumapili farasi alipumzishwa zizini, lakini aliendelea kupewa nafaka ile ile ya siku za kazi. Jumatatu alipofungwa gari, baada ya mwendo mfupi tu, misuli ya mgongo na mapaja ilikakamaa, jasho likamtoka, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, na pengine akaanguka asiinuke. Leo farasi wa kuvuta magari wamepungua, lakini ugonjwa umehamia kwetu na kubadili siku. Farasi wa mpandaji wa ridhaa husimama zizini tangu Jumatatu hadi Ijumaa akila nafaka, kisha Jumamosi bwana wake anafika na hamu ya juma zima, naye anataka kupanda milima, kuruka viunzi na kupiga shoti kwa saa tatu. Tukifanya hivyo, tunautafuta ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Farasi akianza mazoezi, moyo na mapafu huimarika katika majuma machache, na misuli hufuata. Lakini kano za miguu na mifupa huchukua miezi mingi. Kwa hiyo hufika wakati ambapo farasi hahemi sana, anang'aa, anataka kukimbia, na mpandaji anasema, "Yuko tayari." Pumzi iko tayari, miguu bado. Hapo ndipo kano hukatika, na farasi aliyekatika kano hupoteza msimu mzima, au hupoteza kazi yake yote.

Dawa ya mambo haya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji utaratibu. Siku ambayo farasi hafanyi kazi, nafaka ipunguzwe na majani makavu yaongezwe, maana tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, nalo hutoa asidi mchana na usiku. Laumbwa kwa kula kidogo kidogo muda wote. Siku tatu au nne katikati ya juma, atolewe japo kwa nusu saa. Siku moja iwe ya mwendo wa hatua kwenye mteremko, nyingine ya matiti katika duara, nyingine ya kuvuka nguzo zilizolazwa chini. Papo kwa papo, wazee walisema, kamba hukata jiwe.

Nanyi vijana msiyadharau matembezi ya Jumamosi mkiyaona kuwa mchezo wa wasioweza kushindana. Farasi anayepanda kilima kwa hatua anajenga mgongo na mapaja. Anayevuka kijito, akapishana na pikipiki, akasikia mbwa akibweka nyuma ya ua asitoroke, anajifunza ujasiri ambao hautapatikana katika uwanja uliozungushiwa kamba. Na mpandaji anayejua kuhesabu mapigo ya moyo ya farasi wake ana silaha kubwa. Akiwa ametulia, mapigo huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Katika mashindano ya masafa marefu, farasi ambaye mapigo yake hayakushuka hadi 64 katika muda uliowekwa haruhusiwi kuendelea. Saa ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo.

Ndugu zangu, wapo wanaodhani kwamba ushindi hununuliwa. Hao nawakumbusha habari za farasi aliyeitwa Snowman. Mwaka 1956 huko Marekani, mwalimu wa upandaji Harry deLeyer, mhamiaji kutoka Uholanzi, alimnunua kwa dola 80 farasi wa shambani aliyekuwa amekwisha kupakiwa kwenye lori la kwenda machinjoni. Baadaye alimwuza kwa jirani, lakini farasi akawa anaruka nyua na kurudi kwa deLeyer, naye akamnunua tena. Mwanzoni alijikwaa hata kwenye nguzo zilizolala chini. Mwaka 1958 alikuwa bingwa wa kuruka viunzi wa Marekani, na mwaka 1959 akautwaa ubingwa huo tena. Si kila farasi wa dola 80 ana kipaji cha namna hiyo. Lakini kipaji kile kisingeonekana kama mwalimu yule asingekuwa na subira ya kila siku.

Tatu, niseme juu ya siku yenyewe ya mashindano. Mnajua hesabu yake. Nguzo moja ikianguka uwanjani ni pointi 4 za adhabu. Farasi akikataa kiunzi cha porini kwa mara ya kwanza ni pointi 20. Kazi ya miezi sita inaweza kupotea kwa dakika moja, na maumivu ya moyo yanayofuata nayafahamu vizuri. Lakini swali ni hili: mpandaji afanye nini baada ya farasi kukataa?

Jibu baya tuliliona mbele ya dunia nzima. Katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, wachezaji wa mchezo wa aina tano walipewa kwa kura farasi wasiowajua, na muda wa dakika 20 tu wa kuzoeana nao. Mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa akiongoza alipewa farasi ambaye alikuwa amekwisha kumkatalia mpandaji mwingine. Farasi akakataa tena. Mchezaji akalia machozi huku akitumia mjeledi, na kocha wake, aliyekuwa akimhimiza ampige, akampiga farasi ngumi na kufukuzwa kwenye Michezo. Mwaka huo huo viongozi wa mchezo huo waliamua kuondoa upandaji farasi, na Paris mwaka 2024 ikawa mara ya mwisho. Mimi sikuwaona watu wale kuwa wakatili kwa tabia. Niliona utaratibu mbovu uliomdhani farasi kuwa chombo cha kuazimwa kama baiskeli, na watu waliozidiwa na uchu wa medali.

Farasi anapokataa anasema jambo. Huenda tandiko linamchoma, huenda mguu unauma, huenda mpandaji mwenyewe aliogopa akavuta hatamu hatua mbili kabla ya kiunzi. Mpandaji muungwana hutafuta sababu kabla ya kutafuta mjeledi. Na akiona farasi hayuko sawa, huinua mkono, humpungia mwamuzi, na kutoka uwanjani kwa hatua. Naomba chama hiki kimpigie makofi mwanachama wa namna hiyo kama kinavyompigia mshindi.

Nne, ndugu masaisi. Mpandaji anakuja siku mbili, nanyi mko siku saba. Ni ninyi mnaopapasa miguu kila asubuhi na kujua kama kano ina joto. Ni ninyi mnaojua kama jana hakumaliza majani yake. Hata hivyo tumeshuhudia zaidi ya mara moja saisi akisema, "Huyu leo asitoke," na mwenye farasi akajibu kwamba ada ya mashindano imekwisha kulipwa. Farasi akatoka, akarudi akichechemea, na saisi akalaumiwa. Jambo hili ni la aibu. Neno la saisi juu ya afya ya farasi lipewe uzito uleule wa neno la mwalimu, ujira wake ulipwe kwa wakati, na kikombe kinapotolewa aitwe naye mbele ya watu.

Tano, kofia ngumu. Machi 2010, mpandaji wa Marekani Courtney King-Dye, aliyeshiriki Olimpiki ya mwaka 2008, alikuwa akimfundisha farasi katika zoezi la kawaida, bila kofia ngumu. Farasi akajikwaa na kuanguka. Mwanamke huyo alipoteza fahamu kwa majuma kadhaa na ikambidi ajifunze upya kutembea na kusema. Kama jambo hilo lilimpata bingwa katika mwendo wa kawaida, hakuna kijana humu mwenye sababu ya kupanda kichwa wazi, hata kwa dakika tano, hata ndani ya zizi.

Ndugu Mwenyekiti, tunayo methali tuliyoirithi isemayo, punda afe mzigo ufike. Methali hiyo ilitungwa katika dunia ya wenye mizigo, na punda hakuulizwa. Sisi hatubebi mzigo wowote unaolazimika kufika. Tunachokitafuta Jumapili ni utepe na kikombe, navyo havina thamani kwa kiumbe asiyejua kusoma maandishi yaliyochorwa juu yake. Yeye anajua kama alilishwa, kama alitolewa, kama mkono ulikuwa mwepesi au mzito.

Basi tutoke hapa na maazimio matatu. Kila mwenye farasi aandike ratiba ya juma zima na kuibandika mlangoni pa zizi. Saisi awe na haki ya kumzuia farasi asiende mashindanoni. Na hapana mtu atakayepanda bila kofia ngumu. Tukiyatimiza hayo, tutashinda mara nyingine na mara nyingine tutashindwa, lakini jioni ya Jumapili tutawarudisha farasi wetu wakiwa wazima, na Jumatatu kazi itaendelea.