Jiwe Halishiki Jino: Mazungumzo juu ya Kusafisha Meno kwa Muganga

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi wa tatu, hapa Kadutu. Wengi waliomba yaandikwe, ili wale ambao hawakufika nao wayapate.)

Tunajua leo kuna likelemba, na kuna habari za jamaa waliofika juzi ambao bado wanatafuta nyumba. Basi hatutawachelewesha.

Tangu tuanze kufanya kazi pamoja, tumewazungumzia kipindupindu, kunawa mikono, choo, maji ya kunywa. Kinywa hatukukigusa hata siku moja. Tuseme ukweli: ni kosa letu, na aliyetufungua macho ni mmoja wenu. Ametupa ruhusa kueleza habari yake, ila jina lake tunaliacha.

Ni mama anayeuza sambaza sokoni. Alirudi kutoka Nyarugusu, kule Tanzania, baada ya miaka mingi ya kambi. Mliomjua mwaka jana mnakumbuka: akizungumza, anafunika kinywa na kitenge. Meno yake yalikuwa meupe, bila tundu hata moja, lakini mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yanatikisika, na kila akipiga brosi damu inatoka. Majirani wakasema amelishwa kitu. Akatumia majani, akasukutua chumvi, akaombewa. Halafu akaacha kabisa kupiga brosi, juu ya kuogopa ile damu.

Alipofika kwa muganga wa meno, yale mawili yalikuwa hayaokoki tena. Muganga akamwonyesha kwa kioo kidogo: nyuma ya meno ya chini kulikuwa na ukuta wa kahawia, mgumu kama jiwe, umeingia mpaka chini ya ufizi. Sanduku letu la musaada lililipa kung'oa. Siku tulipoenda kumsalimia alituuliza: "Ninyi mulikuwa munakuja kila mwezi kutufundisha usafi. Sasa ya kinywa, mbona hamukuniambia?" Hatukuwa na jibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu lake, hata kama limechelewa.

Jiwe hilo linatoka wapi?

Kila siku, hata kwa mtu msafi, utando laini unajijenga juu ya meno. Pitisha ulimi asubuhi kabla ya kupiga brosi, utausikia unateleza. Ndani yake mna vijidudu vingi sana. Utando huo brosi inautoa vizuri. Lakini ukiachwa siku kadhaa, madini yaliyo ndani ya mate yanaugandisha. Ni kama birika ya chai: mnachemsha maji kila siku, na baada ya muda mnakuta ganda jeupe limeshika ndani. Ganda la meno kwa Kiswahili linaitwa ukoga; waganga wetu hapa wanasema tartari. Linapenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na kwenye magego ya juu upande wa shavu, sababu mate yanatokea karibu na pale.

Likishakuwa jiwe, brosi haiwezi kulitoa tena, hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Na kwa sababu linakwaruza kama saruji, utando mpya unashika juu yake kwa urahisi. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoa damu, kinywa kinanuka. Hapo bado kuna bahati: jiwe likitolewa na brosi ikifanya kazi yake, ufizi unaweza kurudi mzima. Lakini ukiachwa hivyo kwa miaka, kwa watu wengi ugonjwa unashuka chini na kula mfupa unaoshikilia jino. Na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Sisi watu wa Bukavu hilo hatuhitaji kufundishwa. Tunajenga kwenye milima. Mnaona nyumba ya Kadutu: ukuta mzima, mabati mazima, kumbe udongo chini ya msingi umekwisha kwenda na mvua. Siku inaanguka, watu wanashangaa. Jino ni vilevile. Linaweza kuwa jeupe, bila tundu na bila maumivu, huku chini hakuna kinacholishika. Kwa hiyo ile damu ya ufizi ndiyo ufa wa kwanza kwenye ukuta.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa ripoti kwamba karibu watu miliari 3,5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na ugonjwa mkali wa ufizi peke yake unakadiriwa kuwapata zaidi ya miliari moja. Na sisi tuliopita njia ya ukimbizi tuko na sababu zetu za kuongeza. Wale wa mwezi wa pili 2025, mliovuka kwenda Burundi na kulala Rugombo, nani alikumbuka kubeba brosi? Mtu anabeba mtoto, anabeba sufuria. Kinywa kinasubiri. Kimesubiri muda mrefu.

Muganga anafanya nini?

Kazi hiyo wanaiita detartraji. Kwanza muganga anaangalia kinywa chote na kuuliza: uko na ugonjwa wa sukari? Una shida ya moyo? Unakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi? Uko na mimba? Msifiche kitu, majibu hayo yanabadilisha namna anavyofanya kazi.

Halafu anatoa jiwe, juu ya ufizi na chini yake. Kuna mashine yenye ncha inayotetemeka na kumwaga maji, inavunja jiwe vipande vipande. Umeme ukikatika, au mashine ikikosekana, kuna vyombo vya mkono vya chuma vyenye ncha ya kupinda, na mkono unaojua kazi unafanya vizuri vilevile. Mwishoni anasugua meno yawe laini, ili utando usipate pa kushika haraka. Kama jiwe limeingia ndani sana, anaweza kukupiga sindano ya ganzi na kukuomba urudi mara ya pili.

Jambo moja la kusimamia bila haya: vyombo. Vinagusa damu, na damu inaweza kubeba hepatite na virusi vya ukimwi. Muganga avae glavu mpya mbele yako, na vyombo vitoke kwenye pakiti iliyopita kwa mashine ya mvuke. Uliza kwa heshima: "Docteur, vyombo vimesafishwa namna gani?" Muganga mzuri hakasiriki. Na mtu anayezunguka nyumbani na koleo yake na unga wake wa kung'arisha, mwache apite.

"Meno yangu iko nguvu, mbona muitikise?"

Hilo ndilo neno tunalosikia zaidi ya mengine yote. Watu wanasema: fulani alisafishwa, na kesho yake meno yakaanza kucheza. Tusidharau neno hilo, sababu waliolisema waliona kitu cha kweli. Meno yaliyopoteza mfupa wakati mwingine yanafungwa pamoja na jiwe lenyewe. Likitoka, mtu anasikia nafasi kati ya meno, anasikia baridi ya maji, pengine jino linatikisika kidogo. Anadhani muganga ndiye amelilegeza.

Turudi kwenye mlima wetu. Takataka zikijaa kando ya ukuta kwa miaka, zinaweza kuonekana kama zinauegemeza. Siku ya salongo mkizitoa, mnaona ufa. Je, ufa umeletwa na salongo? Hapana. Takataka ziliziba mfereji, maji yakapita chini ya msingi. Mlichofanya ni kuona mapema, kabla ya mvua kubwa. Jiwe halishiki jino. Jiwe ndilo lililolilegeza. Na mara nyingi, ufizi ukipona baada ya kusafishwa, meno yaliyocheza kidogo yanashika tena vizuri zaidi.

Ule ubaridi kwa kawaida unaisha baada ya siku chache. Damu kidogo siku ya kwanza si ajabu. Mtu asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na aendelee kupiga brosi polepole. Damu ikiwa nyingi au isipokoma, arudi kwa muganga bila kusubiri.

Na mambo ambayo detartraji haifanyi

Hatutaki kuwauzia ndoto. Kusafishwa hakuzibi tundu, na hakugeuzi meno kuwa meupe kama ya kwenye picha: kunatoa jiwe na madoa ya juu, basi. Pia si kila mtu anahitaji kwenda kila miezi sita. Mwenye kinywa kizuri, anayepiga brosi sawasawa, muganga anaweza kumwambia arudi baada ya muda mrefu. Mwenye ufizi mgonjwa ataitwa mapema. Tusichukue feza ya unga kwa kufuata kalenda. Tufuate anachokiona muganga.

Na bila brosi nyumbani, kusafishwa ni kazi bure, jiwe litarudi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku kabla ya kulala ndiyo kubwa. Dawa ya meno iwe na fluori, someni kwenye boksi. Dawa hiyo OMS imeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 2021. Maji yakikosekana, kikombe kimoja kinatosha. Brosi ikikosekana, kijiti kilichotafunwa mpaka kiwe nyuzi kinasaidia, kikitumiwa vizuri. Makala, mchanga na ndimu tuviache: vinakwangua na kula jino lenyewe. Na ufizi ukitoa damu, msiache kupiga brosi kama alivyoacha mama yetu. Pigeni polepole, halafu mwende kuangaliwa.

Watu watatu tuwaangalie zaidi. Mwenye ugonjwa wa sukari: sukari inaharibu ufizi, na ufizi mgonjwa unafanya sukari iwe ngumu kutuliza. Mama mwenye mimba: ufizi wake unavimba kwa urahisi, na kusafishwa hakudhuru mtoto, basi amwambie tu muganga. Na mvutaji wa tumbaku: moshi unaficha ugonjwa, damu inaweza isitoke huku mfupa unaliwa.

La mwisho ni la watoto, na hili si la kusubiri muganga wa meno. Mtoto aliyekonda, au aliyetoka kwenye surua, akitoa damu kwenye ufizi, akiwa na kidonda kinachonuka na shavu linavimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula shavu kwa siku chache tu na unaua watoto wengi wasipotibiwa. OMS iliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi wa kumi na mbili 2023. Ukishikwa mapema, dawa za kawaida za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula vinaweza kumwokoa.

Tunachoomba

Sasa tufike kwenye sanduku. Kwa kanuni ya leo, sanduku la musaada linalipa jino liking'olewa. Kusafisha halilipi, wanasema ni mambo ya urembo. Tuliosoma kanuni hiyo pamoja nanyi hatukuona ubaya wake wakati ule. Leo tunauona: tunamwambia mtu angoje mpaka jino life, ndipo tumsaidie kulizika. Na jino likishatoka, pengo linabaki, na jino la kutengeneza wengi wetu hatuliwezi.

Tunaleta mapendekezo matatu, mwyaamue ninyi. Moja: sanduku lilipe nusu ya kusafishwa, mwanachama alipe nusu, watu watano kila mwezi, kwa zamu kama likelemba. Wenye sukari, wamama wenye mimba na wanaotokwa damu watangulie. Mbili: kamati iende kuuliza bei mbele kwa waganga wawili au watatu, sababu anayepeleka watu watano kila mwezi anaweza kuomba wapunguze. Tatu ni letu: kwenye kitita cha usafi tunachowapa waliofika, tumeandika ombi kwa wakubwa wetu waongeze brosi na dawa ya meno. Jibu hatujapata bado, na hatutaki kuwaahidi kitu ambacho hakiko mkononi. Lakini kila mwezi tutarudi kuwaambia tulipofikia.

Yule mama alisafishwa meno yaliyobaki. Yuko hapa leo, na sokoni haongei tena akiwa amefunika kinywa. Ametuomba tuwaambie neno moja tu: damu ikianza kutoka, msingoje.

Mwenye swali aulize.