Njia ya Kupitia Mikindani





Kamati ya Jubilei ilinitaka nieleze jinsi usharika huu ulivyonilea. Nitafanya hivyo, ila sina budi kuanza na miaka ambayo nilikuwa nje yake. Nilipata kipaimara mbele ya madhabahu hii mwaka 1974. Miaka mitano baadaye sikuwa nikisali popote.

Mwaka 1979 kaka yangu hakurudi kutoka vita vya Kagera. Mama alikuwa amefunga na kuomba tangu siku alipoondoka. Katika matanga, mfariji mmoja alisimama akasema kwamba Mungu ana makusudi yake. Sasa nimezika watu wengi, nami namwelewa: hakuwa na la kusema, na kimya kilimwogopesha. Lakini siku ile niliondoka msibani nikiwa nimeazimia kwamba mimi na Mungu huyo basi.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya ukarani Mtwara. Nilipanga chumba Mikindani, mwendo wa kama kilomita kumi kutoka mjini, katika nyumba ya mzee mmoja aliyefundisha watoto Kurani. Mikindani ni mji wa kale wa majahazi na nyumba za mawe. David Livingstone alishukia hapo mwaka 1866, baada ya mikoko ya mdomo wa Ruvuma kumzuia asipate pa kupitisha ngamia zake. Alikusudia kuingia kwa njia ya mto, akalazimika kuzunguka kwa Mikindani. Mara nyingi nimemkumbuka kwa hilo.

Hapo nilianza kuulizia dini za watu. Nitasema kweli, mwanzoni sikumtafuta Mungu. Nilitafuta ushahidi wa kumshitaki. Mhindi mwenye duka alinieleza kwa subira maana ya taa zao za Diwali, nami nikamsikiliza nusunusu. Mwenzangu kazini alinichukua kwao, huko bara upande wa Masasi, siku ukoo wake ulipotambika. Wazee walimimina unga wa mtama chini ya mti wakawaita marehemu wao kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Nilisimama nyuma ya watu nikajikuta nalitaja jina la kaka yangu. Tangu azikwe huko mbali, sikuwa nimelitamka. Wengi wetu tulifundishwa kuona ushirikina tu mahali kama pale. Mimi nasema kwamba pale ndipo nilipoanza kulia, na sina haja ya kuwaficheni.

Lakini shule yangu hasa ilikuwa barazani kwa yule mzee. Nilipomwamkia jioni ile ya kwanza na kumwomba anifundishe dini yake, aliitika marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, unataka kujua, au unakimbia?" Sikumjibu. Hata hivyo alileta Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, tukasoma pamoja karibu mwaka mzima.

Hapa niseme neno moja kwa wale watakaoshangaa. Kurani ya kwanza ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilitafsiriwa na Mkristo, Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Zanzibar. Naye Martin Luther, baba yetu, mwaka 1542 aliitetea mbele ya baraza la mji wa Basel Kurani ya Kilatini isizuiliwe, nayo ikatoka mwaka 1543 ikiwa na dibaji yake. Ni kweli, wote wawili walikusudia kuipinga. Lakini waliona ni aibu kupinga kitabu ambacho hujakisoma, na aibu hiyo ingetufaa hata leo.

Nilivutwa. Adhana ya alfajiri ikipita juu ya maji ya ghuba, na wavuvi wakisimama safu moja na wenye nyumba za ghorofa, paji la uso chini: nilijifunza kwamba Mungu ni mkuu kuliko kesi yangu. Hilo sikulijifunza kwetu, ingawa bila shaka lilihubiriwa. Nilikaribia kutamka shahada.

Ndipo tukafika Sura ya Nisaa, aya ya 157, inayosema kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Mzee aliieleza kwa upole: Mungu hawezi kumwacha mtume wake afe kifo cha fedheha. Nikahisi uchungu kifuani kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nikashangaa. Mtu asiyeamini ananyang'anywaje? Kumbe katika hasira zangu zote kuna jambo moja nililokuwa nimelishika bila kujua: kwamba kama Mungu yupo, basi anamjua kijana aliyekufa mbali na mama yake, kwa kuwa naye alikufa na mama yake akitazama. Nilitaka Mungu aliye mkuu, lakini wa msalabani.

Nilimweleza mzee. Hakukasirika, wala hakukubali. Alisema, "Basi rudi kwa watu wako ukawaulize vizuri. Kwangu umefika mwisho wa njia." Tulibaki tumetofautiana hapo hadi alipofariki, na kila nilipofika Mikindani nililala kwake.

Ijumaa Kuu iliyofuata niliwatafuta Walutheri wa Mtwara, wageni wa bara kama mimi, nikaketi benchi la nyuma. Baadaye nilikwenda chuo cha Makumira. Huko nilijifunza kwamba Karl Roehl, mtafsiri wa Biblia ya mwaka 1937 ambayo babu yangu aliisoma, alijitahidi kuyaepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Alikuwa mtaalamu mkubwa, lakini mimi nilitabasamu, nikiwaza kwamba hata neno letu "imani" lilitufikia kwa mkono wa majirani, kwa jahazi.

Washarika wapendwa, katika miaka hiyo yote mama yangu alikuwa akiketi pale, safu ya tatu upande wa kinamama. Wazee wa kanisa walimwuliza kama jina langu lifutwe katika daftari la washarika. Aliwaomba wasilifute, nao wakamsikiliza. Juzi nimelifungua daftari lile katika ofisi ya usharika. Jina lipo, na pembeni yake mtu ameandika kwa penseli: yuko Mtwara.