Makazi na Matumizi ya Mwanafunzi Aliye Mbali na Kwao

Hotuba kwa jamaa wa Kiislamu wa Kafutuma

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake! Mtoto wa ufuo wa Mweru akifaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili, nyumba ya wazazi wake hujaa furaha. Majirani huja kupongeza, na mama hupiga vigelegele. Lakini barua ya Chuo Kikuu ifikapo, usiku ule baba halali, kwani swali moja humkaa kifuani: mtoto huyu atalala wapi? Tangu Januari 2022 karo ya shule za Serikali iliondolewa hadi darasa la kumi na mbili, na wengi waliokuwa wakikatika njiani sasa humaliza. Ama kodi ya chumba mjini Lusaka, hiyo hakuna aliyeifuta.

Chuo Kikuu cha Zambia kilipofunguliwa mwaka 1966, wanafunzi wake walikuwa mia tatu na kidogo. Wananchi wenyewe walichanga ili kijengwe: mwenye fedha alitoa fedha, mwenye mahindi alitoa mahindi, na wengine walileta kuku na ng'ombe. Leo wanafunzi ni maelfu kwa maelfu, na mabweni hayawatoshi. Wasiopata nafasi hupanga Kalingalinga, Ng'ombe, Mtendere au Kamanga. Na wengine hujibanza kwa mwenzao bwenini, wawili juu ya kitanda kimoja, wakiogopa kila mlango ugongwapo. Mtu wa hali hiyo atasoma nini, na Alfajiri ataiswali wapi?

Dini haikuliacha jambo la matumizi bila ya uongozi. Katika Sura ya Al-Israa Mwenyezi Mungu amekataza mambo mawili: mkono kufungwa hata usitoe kitu, na mkono kukunjuliwa wote hata mwenyewe akabaki akijuta. Na katika Al-Furqan amewasifu waja wanaokwenda katikati, wasio wabadhirifu wala mabahili. Basi mwenye kuhesabu fedha zake kabla ya kuzitumia asidhaniwe kuwa ni mchoyo. Huyo anafuata aliyoamrishwa.

Na itazamwe habari ya Abdurrahman bin Auf, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Alipohamia Madina hakuwa na mali mkononi. Mtume alimfanya ndugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali, naye Saad alitaka kumgawia nusu ya alichokuwa nacho. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake, kisha akaomba aonyeshwe soko, akaanza kwa kuuza jibini na samli. Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la wenyeji: mgeni apokewe. La pili ni la mgeni: asiufanye ukarimu wa watu kuwa ndio mtaji wake.

Sasa yafuata mambo ya kutenda. Mwanafunzi atakaye chumba asingoje hadi wiki ya kufungua chuo, kwani wakati huo wanaotafuta ni wengi na bei hupanda. Amtangulize ndugu au mwanafunzi mwenzake aliyekwisha kuzoea, akakitazame chumba kwa macho. Hapana kutuma fedha kwa mtu asiyeonekana, kwa nyumba isiyoonekana. Aulize maji yatoka wapi, choo ni cha watu wangapi, ua una lango au hauna, na kama maji na umeme vimo ndani ya kodi au hulipwa mbali. Aulize pia vitanda vingapi vitatiwa chumbani, maana huko kodi aghalabu huhesabiwa kwa kitanda. Na akilipa, adai hati yenye tarehe na kiasi, na awepo shahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Sura ya Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Basi kuandikiana si kumtuhumu mtu.

Tena asidanganywe na kodi ndogo. Mfano wa hesabu ni huu: chumba kimoja kodi yake ni kwacha 700, na chuoni huendwa kwa miguu. Cha pili ni kwacha 450, lakini hapana budi kupanda basi, kwacha 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa siku 22 za masomo nauli ni kwacha 440. Jumla yake ni 890. Kile kilichoitwa rahisi kimekuwa ghali kwa kwacha 190 kila mwezi, mbali na hatari ya kurudi usiku. Wazee walisema kweli kwamba rahisi yavunja upishi.

Ama fedha za chakula, zigawanywe kwa wiki, zisigawanywe kwa mwezi. Kwani mwezi ni mrefu, na mfuko ulionona tarehe ya kwanza huwa umekonda tarehe ya kumi na tano. Kodi itolewe kwanza, kisha sehemu ya kila wiki itengwe mbali, na kidogo kiwekwe akiba ya ugonjwa na ya kucheleweshwa mkopo. Posho ya chakula ya wanafunzi wa vyuo vya Serikali iliondolewa mwaka 2019, ikarudishwa mwaka 2022. Basi ni msaada wa kushukuriwa, lakini si nguzo ya kuegemea peke yake. Wanafunzi watatu au wanne wakichanga wanunue mfuko mmoja wa unga wa kilo 25, watakula kwa gharama ndogo kuliko yule anunuaye pamela kila jioni. Kutoka huku ziwani wazazi waweza kupeleka kwa basi unga wa mihogo na chisense waliokaushwa vyema, wasije wakaingia wadudu. Kwa mwana aliye mbali, kifurushi hicho ni chakula, na ni salamu pia.

Na ajitenge kabisa na kaloba. Mkopaji huchukua kwacha mia leo, na mwisho wa mwezi hudaiwa mia na hamsini, na akishindwa huchukuliwa simu yake, au hata kitanda alicholalia. Hiyo ni riba bayana. Dhambi yake ni kubwa, na aibu yake haikawii kuja. Chilimba ya marafiki waaminifu, isiyo na ziada, yatosha kwa haja ndogo ndogo.

Enyi wazazi, sehemu yenu ni kubwa. Wavuvi wa ziwa hili wajua kwamba uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo mitatu mkono wa mvuvi huwa mtupu, lakini mwenye nyumba wa Lusaka hana msimu wa kufunga. Basi kodi ya miezi ile yapasa iwekwe kabla Novemba haijaisha. Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, aliwaweka watu salama miaka ya njaa kwa nafaka iliyohifadhiwa miaka ya shibe.

Na wazee wakumbuke mpumbu. Samaki yule alikuwa akipanda mto Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga, na watu wakimvua njiani, tumbo lake lingali limejaa mayai. Katika miaka ya 1940 alipungua mno, na wingi wake wa zamani haukurudi. Aliyekula mayai alikula samaki wa kesho. Ndivyo afanyavyo mzazi auzaye nyavu ili kufanya karamu ya kumuaga mtoto, akakosa cha kumpelekea muhula wa pili.

Liko jambo moja zito, nalo halifai kunyamaziwa. Binti aliyekosa kodi huweza kujiwa na mtu mzima mwenye fedha, ampe kwa maneno matamu kile alichokikosa kwa wazazi. Kisha jamaa husema binti ameharibika. Lakini ni nani aliyemuuliza mwezi ule uliopita kama amelipa? Kabla ya kumlaumu mtoto, na iulizwe kwanza kodi yake ilikuwa juu ya nani. Binti akapangishiwe kwa watu wanaojulikana, pamoja na wasichana wenzake. Na baba asione uzito kumpigia simu kila wiki, na kumuuliza bila ya ukali.

Mwisho ni haki ya jamaa wote. Umar bin Khattab alipopata shamba kule Khaybar, Mtume alimwelekeza alizuie shina lake na atoe sadaka mazao yake. Na huo ndio mwanzo wa wakfu nyingi za Waislamu. Huko Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha, wanafunzi waliotoka mbali walipata pa kukaa na wa kuwafunza. Jamaa wa Kafutuma hawana mali ya wafalme, lakini wana mikono. Wakitoa kidogo kidogo kuanzia Machi hadi Novemba, kila chombo kwa kadiri ya riziki yake, na hesabu ikaandikwa daftarini na kusomwa hadharani, mwaka wa kwanza waweza kulipa kodi ya chumba kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Zaka ishike njia ya wanaoistahiki, na mchango huu uwe sadaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mababu walitoa kuku na mahindi ili chuo kisimame. Isiwe wajukuu wao wanakosa pa kulala mlangoni pake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto walio safarini, awape wazazi riziki ya halali, na aijaalie jamaa hii moyo wa kusaidiana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.