"Ole": Neno Dogo Linalobeba Ukoo

"Ole" ni neno la Kimaasai linalomtambulisha mwanamume kwa baba au ukoo wake. Maana yake inakaribia "wa" au "mwana wa", kama "bin" ya Waswahili wa pwani, "Mac" ya Waskoti, au "-son" katika jina la Kiingereza Johnson, mwana wa John.

Nchini Kenya neno hili limeenea zaidi katika kaunti za Kajiado na Narok. Magavana wawili wa kwanza wa Kajiado, David ole Nkedianye na Joseph ole Lenku, wanalo. Narok ilikuwa na mwanasiasa William ole Ntimama. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukulikata: ng'ambo ya pili, Simanjiro nchini Tanzania, yupo mwanasiasa Christopher Ole Sendeka. Kwa Wasamburu, ndugu wa Wamaasai kwa lugha ya Maa, "Le" huungana na jina lenyewe, kama Lenolkulal na Lesuuda.

Kitengela, mji uliokua katika ardhi ya Wamaasai, "ole" husikika leo pamoja na majina ya jamii nyingine kama Mutua, Kamau na Otieno. Neno hilo fupi linahifadhi kumbukumbu ya ukoo, nayo ni amana ya kutunzwa na kuandikwa kwa usahihi.