Mwalimu Mgeni wa Bujora

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za mtu mmoja aliyetoka nchi ya mbali, akaja Usukuma kufundisha, na mwisho akahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Jina lake Padre David Clement, Mkanada wa jimbo la Quebec. Mimi sikubahatika kuongea naye, naye amekwisha kufariki. Lakini nimeiona kazi yake kwa macho yangu, na kazi ya mtu humsemea hata akiwa kaburini.

Mtu akitoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma, baada ya mwendo wa yapata kilomita 20 hufika Kisesa. Hapo huacha barabara kuu akapanda mpaka Bujora, mahali penye mawe makubwa kama yale tuliyoyazoea pwani yote ya ziwa letu. Ndipo alipofanya kazi Padre huyu, tangu miaka ya 1950.

Alikuwa wa shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Watu wa shirika hili hawakuwa wageni kwetu. Mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye, hapa hapa katika nchi ya Magu, wakavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda Buganda. Na mwaka 1883 wenzao walianzisha misheni ya Bukumbi. Kardinali aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji na kuisema. Ni agizo jema. Lakini kujifunza lugha ni jambo moja, na kujifunza watu ni jambo jingine.

Hapa sina budi kueleza hali ilivyokuwa zamani zile. Nilipokuwa mtoto wa shule, mwalimu wangu mmoja alitukuta tukipiga debe kwa vijiti, tukiigiza ngoma ya kulimia. Alitupokonya debe, akatuambia kwamba hayo ni mambo ya ujinga, na mtu anayetaka kusoma hana budi kuyaacha. Hakuwa mtu mbaya. Alituambia aliyoambiwa yeye. Na si yeye peke yake; walimu wengi wa dini na wa shule katika siku zile waliona kuwa ngoma ni adui wa sala na wa kitabu. Basi sisi watoto tulijifunza kusoma, na pamoja na kusoma tulijifunza kuona haya kwa ajili ya babu zetu.

Padre Clement alishika njia nyingine. Mwaka 1958 alijenga kanisa la Bujora, nalo hakulijenga kwa mfano wa makanisa ya Ulaya. Alilijenga la mviringo, kama nyumba ya Msukuma, na ndani yake akatia mapambo ya Kisukuma. Kumbukeni kwamba wakati ule Misa ilikuwa bado ikisomwa kwa Kilatini, na Mtaguso wa pili wa Vatikano haukufunguliwa mpaka mwaka 1962. Mzee aliyeingia katika kanisa lile aliona kwamba hakuitwa kwenda kumwabudu Mungu katika nyumba ya watu wengine. Alikuwa kwake.

Kadhalika aliifanya ngoma kuwa rafiki ya sikukuu. Ninyi mwajua kuwa wachezaji wa Usukuma tangu kale wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na wazee husimulia kwamba asili yake ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa ngoma. Baada ya mavuno pande hizi mbili hucheza wakati mmoja, kila upande mahali pake, na watazamaji huenda wapendako. Hawa hurusha majembe yao juu kwa mapigo ya bugobogobo, wale huleta nyoka wao. Na upande utakaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Padre aliuunganisha mchezo huu na Sikukuu ya Mwili wa Bwana, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yamekwisha. Watu wakaiita sikukuu hiyo Bulabo, maana yake maua. Alikuwa mtu wa sala, wala hakuiacha imani yake ili kuwapendeza watu. Bali aliamini kwamba sala haipungui kwa kusikia ngoma.

Kisha likaja jambo kubwa. Mwaka 1963 serikali yetu mpya ilifuta utawala wa machifu. Batemi wakawa raia kama raia wengine. Sisemi kama lilikuwa jema au baya; taifa changa lilitaka kuwa moja. Lakini fikirini: ngoma za utemi, viti, ngao na mikuki, vyote vilivyokuwa na mahali pake ikulu, sasa vingekaa wapi? Vingine vingeliwa na mchwa, vingine vingeuzwa kwa wapita njia. Mwaka 1968 Padre Clement, pamoja na Wasukuma wenyewe, walianzisha Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Wakajenga jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na humo zikawekwa ngoma za utemi. Wakaonyesha nyumba ya kale ya Msukuma, na nyumba ya mhunzi na zana zake.

Wasikilizaji, mtu hampi mgeni ngoma ya babu yake. Tukiona kwamba vitu vile vimekaa kwake, tujue kwamba watu walikuwa wamekwisha kumtoa katika hesabu ya wageni. Na sababu yake si vigumu kuiona. Zamani shule yetu ilikuwa shikome, moto wa jioni, ambapo wazee walikaa na vijana wakasikiliza. Hakuna mtu awezaye kujua kila chombo na kazi yake, na kila ngoma na wenyewe, asipokubali kuwa mwanafunzi wa wazee. Yeye alikuja kuwa mwalimu, akakubali kufundishwa. Huo ndio mlango alioingilia nyumbani.

Wako wanaouliza: je, ilipasa Mzungu atutunzie Usukuma wetu? Neno hili si la kudharau. Nami najibu hivi: elimu ile haikuwa yake, ilikuwa ya wazee, naye aliijengea nyumba tu. Aibu, kama ipo, si kwamba mgeni aliitunza. Ni kwamba wengi wetu tulikuwa tayari kuitupa.

Nitawapa ushahidi juu ya nafsi yangu. Siku moja nilikwenda Bujora na mjukuu wangu. Kuna pale pipa liwezalo kuzungushwa, limeandikwa namna mbalimbali za Kisukuma za kuhesabu tangu moja hata kumi. Maana zamani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu, na wengine wasielewe. Mtoto alilizungusha akacheka, akaniuliza, “Babu, wewe rika lako mlihesabuje?” Nikanyamaza. Mimi niliyefundisha hesabu miaka mingi sikuwa na jibu, maana nilipokuwa na umri wa kuyajifunza maneno yale niliyaonea haya. Tulisimama pale mtu na mjukuu wake, tukasoma ukutani habari za nyumba yetu kama wageni.

Tangu siku ile nimeanza kuwauliza wazee waliosalia, na wanachoniambia nakiandika katika daftari, na mtoto hukisoma kwa sauti jioni. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Mwenye baba au bibi aliye hai, na amwulize jina la chombo kimoja, au maana ya wimbo mmoja, kabla hajalala. Makumbusho ni ghala njema, lakini mbegu isipotoka ghalani haioti.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu wa Bujora alikuja, akakaa, akafa ndugu yetu. Sasa ni zamu ya wenyeji. Kwa herini.