Amri Imetoka: Mtoto Anachukuliwa Wapi, Saa Ngapi?

Mada kwa wasaidizi wa kisheria na maafisa ustawi wa jamii



Nimeombwa nizungumzie malezi ya mtoto baada ya wazazi kutengana. Sheria mnaijua, kwa hiyo sitaisoma kifungu kwa kifungu. Nitakaa zaidi kwenye kile kinachobaki mikononi mwenu baada ya hakimu kufunga jalada.

Amri za watoto mara nyingi ni fupi. Mtoto atakaa na mama, baba atakuwa huru kumtembelea, na kila mwezi atatoa kiasi fulani cha matumizi. Basi. Wazazi wanatoka na nakala mkononi, na hawajafika hata stendi, wameshaanza kugombana. Huru kumtembelea siku gani? Anaruhusiwa kulala naye? Nauli analipa nani? Bibi akimtaka mjukuu wake wakati wa Krismasi je? Ugomvi mwingi tunaoupokea ofisini hautokani na kile mahakama ilichoamua. Unatokana na kile ambacho mahakama haikukitaja, na karibu chote kinaandikika kwenye karatasi mbili. Kazi yetu ni kuwasaidia wazazi wakiandike mapema, shauri likiwa bado linasikilizwa, ili makubaliano yao yawasilishwe mahakamani na kuingizwa kwenye amri yenyewe.

Kabla ya karatasi, tuondoe imani moja inayotuletea shida kubwa: kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Wapo wanaume wanaohesabu miezi kabisa, na siku ya kuzaliwa ikifika wanakuja na gari kumchukua. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakisemi hivyo. Kinasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mtoto akivuka umri huo, haihamii kwa baba. Kinachobaki ni ustawi wa mtoto, na mahakama itaangalia pia matakwa ya wazazi, mila za jamii wanamoishi, na maoni ya mtoto mwenyewe kama ana uwezo wa kuyatoa kwa uhuru. Kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama ikumbuke madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha huku na kule. Maneno hayo wasomeeni wazazi wote wawili, maana hata mama anayehama mkoa kila mwaka ili baba asimpate mtoto yanamhusu.

Mpango wa malezi

Karatasi ninayoizungumzia ni mpango wa malezi. Msiandike kwa lugha ya mahakama. Andikeni hivi, kwa mfano: "Mtoto atalala kwa baba wikiendi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumapili saa 10 jioni. Baba atamchukua kwa bibi mzaa mama na kumrudisha hapo hapo. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa atatuma ujumbe. Wikiendi ikigongana na mtihani au ugonjwa, itafidiwa inayofuata. Likizo ya Juni, nusu ya kwanza kwa baba. Idi el Fitri mwaka huu kwa mama, mwakani kwa baba."

Ongezeni nani anashika cheti cha kuzaliwa na nani anapewa nakala, nani anasaini fomu za shule, nani anapigiwa simu mtoto akilazwa, na kama mzazi anaweza kumsafirisha mtoto nje ya mkoa bila kumwarifu mwenzake. Mambo ya mchumba mpya yasiachwe. Hamwezi kumkataza mtu kuoa au kuolewa, lakini wazazi wanaweza kukubaliana kwamba mtoto ataambiwa na mzazi wake mwenyewe, asije akasikia kwa jirani.

Wapo watakaouliza, je, mpango ukishasainiwa ndiyo umefungwa? Hapana. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu amri ya malezi au matumizi kubadilishwa hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa, na cha 134 kinaipa mahakama uwezo wa kurekebisha hata makubaliano ya wazazi wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu na yule yule akiwa na miaka kumi na mbili hawafai kwa ratiba moja. Mimi huwashauri wazazi waandike kabisa tarehe ya kuupitia upya.

Makabidhiano

Hapa ndipo watoto wanaumia zaidi, na ni sehemu tunayoizungumzia kidogo mno. Mzazi anafika getini, mwenzake anatoka na khanga kiunoni, deni la mwaka juzi linaanza kudaiwa, na mtoto kasimama katikati na begi mgongoni. Chagueni mahali ambapo wote wawili watajizuia kupiga kelele: kwa bibi, kwa shangazi anayeheshimika pande zote, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwa makubaliano na mwenyekiti, au shuleni. La shuleni nalipenda kuliko yote. Baba anamchukua Ijumaa masomo yakiisha na anamrudisha darasani Jumatatu asubuhi, na wazazi hawaonani kabisa. Mwalimu wa darasa apewe tu barua inayomwambia nani anaruhusiwa kumchukua mtoto.

Begi la mtoto nalo liwe na utaratibu wake: nguo, madaftari yenye kazi ya nyumbani, kadi ya bima kama ipo, na dawa ikiwa anatumia, pamoja na maelezo ya lini na kiasi gani. Mtoto mwenye pumu aliyefika kwa baba bila dawa yake ni jambo zito kuliko madai yote ya mali yaliyomo kwenye jalada. Na ujumbe usipite kwa mtoto. "Mwambie baba yako ada haijalipwa" ni sentensi fupi, lakini inamfanya mtoto wa darasa la pili kuwa mdai madeni.

Simu

Mzazi anapokuja kwenu na simu imejaa matusi, msianze kwa kumhurumia. Msaidieni kujifunza kuandika. Linganisheni jumbe hizi mbili. Wa kwanza: "Leo ndiyo umejua una mtoto? Humchukui, fanya utakalo." Wa pili: "Habari. Mtoto ana homa tangu jana, zahanati wamempa dawa za siku tatu. Naomba wikiendi hii abaki. Unaweza kuja kumwona Jumamosi saa 4 asubuhi, na wikiendi ijayo aje kwako?" Habari ni ile ile: mtoto hatakwenda. Lakini wa pili unaeleza sababu, unatoa nafasi nyingine, na ukisomwa mbele ya hakimu mwandishi wake hatainamisha kichwa.

Ujumbe mmoja uwe na jambo moja. Sauti za WhatsApp za saa sita usiku ziachwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii kupokelewa, lakini upande wa pili utauliza kama ni halisi na kama haukuchezewa. Kwa hiyo mzazi aitunze simu yenyewe na mazungumzo yote, hata majibu yake mabaya. Picha ya skrini iliyokatwa katikati humgeuka aliyeileta.

Matumizi

Hela ipite kwenye simu au benki, na ipite tarehe ile ile kila mwezi. Noti zilizokabidhiwa stendi hazina shahidi, na mlipaji na mpokeaji wote watakuja kujuta. Ada ni bora ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Kuna biashara moja mbaya ambayo lazima tuivunje: "Hujaleta hela, mtoto humwoni," na jibu lake, "Simwoni mtoto, hela sileti." Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto wa wazazi waliotalikiana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya talaka, na papo hapo haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yake yasivurugike. Zote mbili ni za mtoto. Asiyelipwa arudi mahakamani kuomba utekelezaji. Anayenyimwa mtoto afanye hivyo hivyo, huku akiendelea kulipa.

Neno kwa maafisa ustawi

Kifungu cha 136 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, ingawa haifungwi nao. Mtu huyo mara nyingi ni wewe. Taarifa iliyoandikwa baada ya kumhoji mzazi mmoja ofisini haimsaidii hakimu. Nendeni nyumba zote mbili, muone mtoto analala wapi, mzungumze na mwalimu, na mtoto msimuulize "unampenda nani?" Muulizeni siku yake inakwendaje, tangu anapoamka.

Na haya yote niliyosema yana mpaka. Palipo na kipigo, vitisho au shaka ya unyanyasaji wa mtoto, msiwakalishe wazazi meza moja kuandika mpango. Anayeogopa atasaini chochote. Anzeni na dawati la jinsia na watoto la polisi, na kama mtoto ataonana na mzazi huyo, iwe kwa amri ya mahakama na chini ya uangalizi.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kitapewa amri yenye sentensi tatu tu, iliyofutwa majina, na saa moja ya kuandika mpango wa malezi wa watoto wawili, mmoja anayenyonya na mwingine wa darasa la tano, baba yao akiwa dereva wa malori ya kwenda Zambia ambaye hajui wiki mbili zijazo atakuwa wapi. Kwa baba huyo wikiendi ya kwanza na ya tatu haitafanya kazi, kwa hiyo msinakili mfano wangu.