Invictus Sebuleni: Kuipima Filamu Ambayo Matokeo Yake Tunayajua

Leo tunaitazama Invictus, filamu ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Clint Eastwood. Morgan Freeman anamwigiza Nelson Mandela, na Matt Damon anamwigiza François Pienaar, nahodha wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini. Ilipita kwenye kumbi za sinema, mwaka uliofuata ikatoka kwenye DVD, na wengi wetu tumeionea nyumbani, rimoti mkononi.

Filamu ya historia ya michezo ina mtihani wake wa pekee: mtazamaji anayajua matokeo. Tarehe 24 Juni 1995, katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Afrika Kusini iliishinda New Zealand 15 kwa 12 na kutwaa Kombe la Dunia la raga. Ukumbini, giza na sauti kubwa vinaweza kukusahaulisha hilo kwa saa mbili. Sebuleni taa zinawaka, watoto wanapita, na ukitaka unasimamisha picha na kurudi nyuma. Filamu iliyotegemea hamu ya kujua nani atashinda huchuja hapo hapo. Inayodumu ni ile iliyotuonyesha watu wakibadilika kabla ya filimbi kupulizwa. Kwa kipimo hicho, Invictus ina nguvu kubwa nje ya uwanja, na inapungukiwa ndani ya uwanja.

Tazama inavyoanza. Ni Februari 1990, Mandela ametoka gerezani. Upande mmoja wa barabara vijana wa Kikaburu wanafanya mazoezi ya raga kwenye nyasi za kijani, wamevaa jezi safi. Upande wa pili watoto weusi wanacheza kandanda kwenye vumbi, nyuma ya uzio wa waya. Msafara wa magari unapita katikati. Watoto wa vumbini wanaukimbilia uzio wakishangilia. Ng'ambo ya pili kocha anawaambia vijana wake kwamba nchi imekwisha. Ndani ya dakika chache umeelewa kwa nini jezi ya Springboks, iliyokuwa fahari ya Makaburu, ilikuwa chukizo kwa Waafrika walio wengi, na kwa nini kumwomba mtu mweusi aishangilie lilikuwa jambo zito.

Kisha njoo kwa walinzi. Kwangu mimi hapa ndipo roho ya filamu ilipo. Mandela ameshakuwa Rais. Mkuu wa walinzi wake, Jason, anaomba kuongezewa watu, na wanaoletwa ni maafisa wa Kizungu waliotumikia usalama wa utawala wa kibaguzi. Anapanda juu kulalamika, naye Mandela anamwambia kwamba msamaha unaanzia hapo hapo ofisini. Kuanzia siku hiyo wanaume hawa wanagawana chumba kimoja. Mwanzoni kila swali lina makali na salamu zinatolewa nusu nusu. Wanaanza kuzoeana kazini, mmoja akimfundisha mwenzake sheria za raga. Hakuna hotuba. Wakati fainali inafika, umeshaiona nchi nzima ndani ya chumba kile.

Freeman naye anastahili sifa. Ameikamata sauti ya Mandela na mwendo wake wa mtu mzima aliyechoka, lakini ukubwa wa kazi yake uko kwenye upweke. Katika matembezi ya alfajiri, mlinzi mmoja anamuuliza habari za familia. Uso wa mzee unabadilika, matembezi yanakatishwa, anarudi nyumbani. Hapo unakutana na baba aliyeipatanisha nchi huku nyumba yake mwenyewe ikiwa imevunjika. Freeman na Damon wote waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na kwa Freeman naona tukio hilo pekee lilitosha.

Kwa msikilizaji wa Tanzania, kuna kipande kitakachomgusa kwa namna yake. Pienaar anawagawia wachezaji maneno ya Nkosi Sikelel' iAfrika ili wayajifunze, nao wanazikunja karatasi na kuzitupa. Utunzi huo wa Enoch Sontonga ndio uliotupa sauti ya Mungu Ibariki Afrika. Sisi tumeuimba shuleni tangu utotoni, tumesimama wima, mikono ubavuni. Kuona watu wazima wakikataa hata kuutamka kunakueleza ubaguzi ulikuwa umewapeleka mbali kiasi gani.

Sasa tuje kwenye upungufu. Fainali ni ndefu mno. Eastwood anaipunguza mwendo, anaweka ngurumo juu ya kila skramu, yaani msukumano wa wachezaji, miili inagongana polepole huku muziki ukipanda. Ukumbini ilipita. Nyumbani, pale unapoweza kuitafuta mechi yenyewe na kuilinganisha, unaona kwamba mechi halisi ilikuwa kali zaidi bila mapambo yoyote. Hakuna timu iliyofunga trai, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli. Jonah Lomu wa New Zealand, jitu lililokuwa limezitawanya timu nyingine, alizuiwa mara zote. Dakika 80 ziliisha 9 kwa 9, zikaongezwa dakika za ziada, na teke la Joel Stransky likaamua mambo. Mchezo wa namna hiyo haukuhitaji kusaidiwa.

Halafu kuna suala la ukweli. Mtunzi wa filamu ya historia ana ruhusa ya kubadilisha, na mimi ninampima hivi: badiliko hili linatusaidia kumwelewa mtu, au linatupandisha mapigo ya moyo tu? Katika filamu, Mandela anampa Pienaar shairi la William Ernest Henley ambalo filamu imebeba jina lake. Kwa kweli alimpa sehemu ya hotuba ya Theodore Roosevelt ya mwaka 1910. Badiliko hilo ninalipokea, kwa sababu Mandela alilithamini shairi lile akiwa kifungoni, nalo linaunganisha miaka ya gereza la Robben Island na uwanja wa Ellis Park. Ndege iliyopita juu ya uwanja siku ya fainali ni habari nyingine. Rubani Laurie Kay aliipitisha kweli, lakini lilikuwa jambo lililopangwa. Filamu inaligeuza kuwa tishio, walinzi wakihaha, ili tuogope. Hofu hiyo haina kazi yoyote katika hadithi.

Kinachoniuma zaidi ni Chester Williams. Alikuwa mchezaji pekee asiye Mzungu katika kikosi kile, na kwenye robo fainali dhidi ya Samoa Magharibi alifunga trai 4. Ndiye aliyemfundisha Matt Damon raga kwa ajili ya filamu hii. Lakini ndani ya filamu zaidi tunawaona watoto wa vitongojini wakilitaja jina lake kwa furaha. Yeye mwenyewe aliionaje jezi ile? Filamu iliyowapa walinzi nafasi ya kuzungumza ingeweza kumpa na yeye. Alifariki mwaka 2019, miezi miwili kabla Siya Kolisi, nahodha mweusi wa kwanza wa Springboks, kunyanyua kombe hilo hilo kule Japani.

Hukumu yangu, msikilizaji: itafute Invictus, na uitazame na vijana wa nyumbani, hasa waliozaliwa baada ya ubaguzi kuanguka. Kaeni kwenye ofisi ya walinzi, kwenye meza ya familia ya Pienaar, na kwa yule mtoto anayelisogelea gari la polisi ili asikilize mechi kwenye redio. Fainali mkipenda irukeni, mkaitazame mechi halisi. Mtakuwa mmepata vyote viwili: mchezo kama ulivyochezwa, na sababu iliyowafanya watu waliokuwa maadui waushangilie pamoja.